Kusoma Dalili za Gata Bovu: Nyumba ya Moshi, Nyumba ya Arusha na Ile ya Pwani

Masika yanapoingia mwezi Machi, na vuli inapoanza kugonga mabati kuelekea Novemba, ndipo wenye nyumba wengi wa Moshi na Arusha wanapogundua kwamba magata yao hayakingi maji kama yalivyokuwa yakikinga mwaka uliopita. Fundi huitwa kwa haraka, hupanda ngazi akiwa na tyubu ya silikoni, huziba pale anapoona unyevu, hulipwa na kuondoka. Mvua ya pili ikinyesha maji hudondoka tena, safari hii nusu mita kutoka pale palipozibwa. Silikoni inaweza kuwa nzuri na fundi akawa hodari, lakini kazi ikaharibika kwa sababu hakuna aliyeuliza maji yametokea wapi kabla ya kufika pale yanapoonekana.

Jambo ninalotaka msomaji alishike katika mwongozo huu ni hilo. Gata lenyewe mara nyingi ni zima. Kilichoharibika ni mteremko wake, au fishabodi, yaani ubao wa ukingoni mwa paa unaolibeba, au ukingo wa bati unaolilisha maji. Kwa sababu hiyo nimepanga maelezo kufuata dalili anayoiona mwenye nyumba akiwa chini, kisha visababishi vyake, nikianza na vile ambavyo ni rahisi kuvithibitisha bila gharama.

Familia nyingi za huku zina nyumba nyingine Tanga, Bagamoyo au Dar es Salaam, ambazo huzisimamia kwa simu na kuzikagua zinapopata nafasi ya kusafiri. Nyumba hizo hujengewa magata yaleyale yanayofaa mlimani, na huharibika kwa namna ambayo mtu aliyezoea hali ya hewa ya Kilimanjaro hawezi kuitarajia. Sehemu ya kutu nimeiandika kwa kirefu kwa ajili yao.

Kabla ya kupanda ngazi

Uchunguzi bora hufanyika mvua ikiwa inanyesha, nawe ukiwa chini na mwavuli wako. Simama kwanza mbele ya nyumba, uone kama maji yanavuka ukingo wa mbele wa gata na yanavukia wapi. Sogea kwenye kona ya nyumba, macho yakifuata mstari wa gata kwa ubavu, uone kama kuna maji yanayopita kati ya gata na ukuta. Malizia kwenye bomba la kushushia maji: ikiwa paa linamwaga maji mengi na bomba linatoa uzi mwembamba, kizuizi kipo kwenye mdomo wa gata au ndani ya bomba, wala huna haja ya kutafuta tundu popote.

Siku ya jua jaribio hufanyika kwa mpira wa maji. Ziba mdomo wa gata kwa kitambaa kilichoviringishwa, weka mpira upande wa juu, ujaze taratibu hadi maji yafike nusu ya kina, kisha ufunge na usubiri yatulie. Maji yaliyotulia hayadanganyi: yanapaswa kuwa na kina kirefu zaidi karibu na mdomo na kupungua kadiri unavyorudi nyuma. Zungushia chaki kila mahali panapodondosha. Kisha toa kitambaa, acha maji yaondoke, na uangalie madimbwi yaliyobaki, kwa sababu kila dimbwi ni mahali ambapo gata limebonyea au limegeuza mteremko.

Ngazi isiegemezwe kwenye gata, hasa la plastiki. Iegemee ukuta au ubao imara, na mtu mmoja aishike chini. Ngazi ya chuma isisimamishwe karibu na waya wa umeme unaoingia nyumbani kutoka kwenye nguzo. Nyumba za miongo mingi iliyopita bado zinaweza kuwa na paa au magata ya saruji yenye asibesto, ambayo vumbi lake huharibu mapafu. Ukihisi kwamba ndiyo uliyo nayo, usiyatoboe, usiyakate wala kuyasugua yakiwa makavu, bali tafuta mtu mwenye vifaa na ujuzi wa kuyaondoa.

Maji yanavuka ukingo wa mbele

Swali la kwanza ni mahali yanapovukia. Yakivukia karibu na mdomo, kuna uchafu. Katika miji yetu uchafu huo una tabia yake. Kiangazi chote vumbi hutua juu ya bati. Mijakaranda huchanua na kumwaga maua mwezi Oktoba na Novemba, wakati uleule vuli inapoanza. Na migrevilea, iliyopandwa mlimani ili kuipa kahawa kivuli, hudondosha majani marefu yaliyokatikakatika ambayo hufumana kwa urahisi. Mvua ya kwanza huteremsha vumbi lote kwa mara moja, vumbi huwa tope, tope hujishika kwenye majani, na jua la siku mbili tatu hulikausha likawa gumu kama udongo wa kukandika. Mvua nyingi zinazofuata haziwezi kuliondoa.

Liondoe kwa mkono uliovaa glavu, au kwa kipande cha bomba la plastiki kilichopasuliwa kwa urefu, kwa kuwa koleo la chuma hukwaruza zinki inayolinda bati na kuandaa kutu ya mwaka ujao. Kisha mimina ndoo ya maji kwenye mdomo. Yakirudi juu, elbo ya kwanza, yaani kona ya bomba, imeziba, nayo ifunguliwe na kusafishwa badala ya kuchokonolewa na nondo kutoka juu, kwani nondo hushindilia uchafu au hupasua elbo.

Watu wengi huweka wavu wa mbu kwenye mdomo wakidhani kwamba kadiri matundu yalivyo madogo ndivyo ulinzi ulivyo bora. Sikubaliani nao. Maua ya jakaranda hulala juu ya wavu wa aina hiyo yakaufunika wote, na gata zima hufurika kwa sababu ya kiganja kimoja cha maua. Wavu wa kuku uliokunjwa kuwa mviringo na kuchomekwa mdomoni, sehemu yake kubwa ikibaki juu ya usawa wa mdomo, huzuia majani huku ukiyaachia maji njia pembeni. Uchujaji wa kina ufanyike chini, karibu na tangi, ambako mtu anafika bila ngazi.

Yakivuka kwa urefu wote wa gata, na hilo hutokea katika mvua kubwa peke yake, gata ni safi lakini ni dogo kwa paa lake. Hesabu yake si ngumu, kwa kuwa milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Upande mmoja wa paa wenye mita za mraba 60, ukipigwa na mvua ya kasi ya milimita 60 kwa saa, humwaga lita 3,600 kwa saa, yaani lita moja kila sekunde. Gata la nusu duara lenye upana wa milimita 100, likiwa limelala usawa na lina mdomo mmoja mwishoni, huweza kupitisha takribani lita 0.8 kwa sekunde. La milimita 125 hupitisha takribani lita 1.5, la milimita 150 hupitisha zaidi ya lita 2. Si lazima ubadilishe gata zima. Kuongeza mdomo wa pili upande wa pili, na kuligawa gata literemke pande mbili kutoka katikati, hupunguza nusu ya mzigo wa kila mdomo, na ndiyo njia ninayoipendekeza kwanza kwa kuwa ni nafuu. Vijiji vya juu kama Marangu, Machame na Kibosho hupata mvua nyingi kuliko Moshi mjini, hivyo kipimo cha gata la nyumba ya mjini kisihamishiwe kijijini bila kufikiriwa upya.

Yakivukia mahali pamoja, chini ya bonde ambapo mapaa mawili hukutana, maji huwa yanafika pale kwa kasi na wingi kuliko mahali pengine. Kipande cha bati chenye kimo cha vidole vinne, kilichofungwa kwa ribiti (pini za kubania bati) kwenye ukingo wa mbele wa gata mahali hapo, huyarudisha ndani. Paa lenye mwinuko mkali nalo huweza kuyarusha maji mbele ya gata bila kuligusa. Hapo ncha za bati hukunjwa kidogo ziangalie chini.

Maji yanapita nyuma ya gata

Dalili hii ndiyo inayopuuzwa zaidi na ndiyo inayogharimu zaidi. Huanza kwa rangi ya fishabodi kubabuka, kisha alama ya kahawia hujitokeza kwenye dari karibu na ukuta, na mwishowe ukuta wa nje huota ukijani. Mwenye nyumba hudhani bati limetoboka, fundi hupanda juu kuziba misumari, na maji huendelea.

Pandisha mkono polepole chini ya ukingo wa bati mara baada ya mvua. Ukikuta unyevu kwenye tumbo la bati, maji yanafika ukingoni, yanajishika na kurudi nyuma badala ya kudondoka. Hilo hutokea bati linapokuwa fupi, au mwinuko wa paa unapokuwa mdogo. Bati linapaswa kuingia juu ya gata takribani sentimita 5 bila kupita katikati ya upana wake. Likiishia sawasawa na fishabodi, hakuna gata litakalookoa ubao. Kwa kuwa bati haliwezi kuvutwa lirefuke, dawa ni flashingi: ukanda wa bati uliokunjwa, sehemu moja ikiingizwa chini ya bati la paa na sehemu nyingine ikishuka ndani ya gata. Kazi hiyo huhitaji kulegeza safu ya mwisho ya misumari, na fundi anayesema inawezekana kwa silikoni peke yake asikubaliwe.

Nyumba za mtindo wa sasa, ambazo paa lake limefichwa nyuma ya ukuta, zina gata la ndani, na hapo kosa dogo humwaga maji sebuleni moja kwa moja. Gata la namna hiyo lazima liwe na tundu la dharura lililotobolewa kwenye ukuta wa nje, chini kidogo ya usawa ambao maji yangeanza kuingia chini ya bati, ili mdomo ukiziba maji yatoke nje na kila mtu ayaone. Nyumba isiyo na tundu hilo itobolewe kabla ya masika, hata kama haijawahi kuvuja.

Viungio vinadondosha

Kabla ya kununua silikoni, angalia vipande vimelalianaje. Kipande kinachotoka juu kinapaswa kulala ndani ya kipande cha chini, ili maji yapite juu ya mshono bila kuukabili. Vikiwa vimepandana kinyume, maji yanasukumwa kuingia ndani ya mshono kila mvua inaponyesha, na silikoni ya aina yoyote itashindwa. Hapo kiungio kifunguliwe na kupangwa upya.

Kwenye gata la bati, weka ukucha chini ya ukingo wa silikoni ya zamani uivute. Ikibanduka kwa ukanda mzima, ikiwa safi upande wa juu na imepakwa unga mweupe upande uliogusa bati, unga huo ni zinki iliyoliwa. Silikoni nyingi za bei nafuu hutoa harufu kali ya siki zinapokauka, kwa sababu hutoa asidi, na asidi hiyo hushambulia zinki palepale inapotegemewa kushika. Dukani omba ile isiyo na asidi, inayofaa kwa metali, na ukishindwa kusoma maandishi, harufu itakuambia. Kisha usugue bati hadi liwe safi, ulikaushe kabisa, upake silikoni kati ya nyuso mbili zinazolaliana, ubane kwa ribiti, na uache kwa saa 24 kabla ya kumwaga maji. Kupaka juu ya mshono uliofungwa tayari, tena kwa upande wa nje, ni kuficha tatizo.

Gata la plastiki lina sababu nyingine. PVC hurefuka takribani milimita 0.07 kwa kila mita kwa kila nyuzi moja ya joto. Gata la mita 6 linaloamka na nyuzi 15 asubuhi ya Julai na kufikia nyuzi 50 juani hurefuka karibu sentimita moja na nusu, wakati gata la chuma la urefu huohuo hurefuka milimita mbili na nusu hivi. Ikiwa viungio vyote vimegandishwa kwa gundi na ncha zote mbili zimebanwa ukutani, urefu huo hauna pa kwenda, na mwisho wake kiungio hupasuka au breketi hung'oka. Ukiona ufa uleule unarudi kila mwaka, acha kuziba ufa. Fungua kiungio kimoja, weka chenye mpira wa ndani kinachoruhusu gata kuteleza, na uache nafasi kwenye ncha.

Gata limebonyea au limening'inia

Gata la milimita 100 likijaa maji lina uzito wa karibu kilo 4 kwa kila mita, na likijaa tope huzidi hapo. Mzigo huo hubebwa na breketi, breketi hubebwa na fishabodi, na fishabodi ikiwa imeoza hakuna breketi itakayokaa. Kwa hiyo chukua bisibisi uichome kwenye ubao, nyuma ya gata na chini yake, mahali ambapo rangi imebabuka. Ikizama bila nguvu, ubao umekwisha, na fedha uliyotaka kununulia gata jipya inunue kwanza mbao iliyotiwa dawa, ipakwe rangi pande zote kabla ya kupigiliwa, zikiwemo ncha zilizokatwa, ambazo ndizo zinazonywa maji kwa haraka.

Ubao ukiwa mzima, angalia nafasi kati ya breketi na namna zilivyofungwa. Kwa plastiki isizidi sentimita 60 hadi 80, kwa sababu jua huilainisha; kwa bati inaweza kufika sentimita 90. Misumari hujing'oa kidogo kidogo gata linapotanuka na kusinyaa, hivyo badilisha kwa skrubu.

Mteremko hurekebishwa kwa uzi na pimamaji, kamwe si kwa jicho, kwa sababu fishabodi nyingi zenyewe hazikulala usawa na jicho hufuata ubao. Milimita 3 hadi 5 kwa kila mita zinatosha, yaani gata la mita 10 lishuke sentimita 3 hadi 5 kutoka ncha moja hadi nyingine. Mafundi wengine huongeza mteremko wakiamini maji yataenda kasi zaidi, lakini ncha ya chini hushuka mbali na bati, na upepo wa masika huyapeleka maji nyuma ya gata.

Kutu ya mlimani na kutu ya pwani

Huku kwetu kutu huanzia ndani ya gata, sakafuni, chini ya majani yaliyolowa. Zinki hujilinda kwa kutengeneza utando wake ikipata hewa na kukauka. Ikifunikwa na uchafu wenye unyevu kwa wiki nyingi, utando haujengeki na zinki huisha. Miezi ya Juni na Julai, mawingu yanapokaa juu ya vijiji vya mlimani kwa siku nzima, gata chafu halikauki kabisa. Tiba ni kusafisha, kukausha, kusugua kwa brashi ya waya hadi chuma kionekane, kupaka rangi ya kuzuia kutu, kisha rangi ya juu. Tundu dogo huzibwa kwa kiraka cha bati chenye silikoni isiyo na asidi na ribiti. Matundu yakitawanyika kwenye zaidi ya theluthi ya urefu, badilisha kipande kizima, kwa sababu bati lililobaki ni jembamba kuliko linavyoonekana. Kwa nyumba ya huku, gata la bati lenye mteremko sahihi na linalosafishwa kabla ya kila msimu wa mvua hudumu, na sioni sababu ya mtu kujitwisha gharama kubwa zaidi.

Pwani hesabu hiyo haifai. Mawimbi yakipasuka hurusha matone madogo ya maji ya chumvi, na upepo huyabeba hadi nchi kavu: kusi katika miezi ya katikati ya mwaka, kaskazi kuanzia karibu Desemba hadi Machi. Chumvi hutua juu ya kila kitu, na ubaya wake ni kwamba hufyonza unyevu kutoka hewani. Chumvi ya kawaida huanza kuyeyuka yenyewe hewa inapofikia unyevu wa asilimia 75 hivi, na usiku wa Tanga au Dar es Salaam hupita kiwango hicho mara kwa mara. Gata la pwani kwa hiyo hulowa maji ya chumvi hata katika miezi isiyo na mvua, wakati gata la Moshi limekauka na kupumzika.

Matokeo yake humshangaza mtu wa bara. Ndani ya gata, ambako mvua hupita na kuosha, bati linaweza kuwa bado linang'aa. Kutu hula mgongo wa gata unaotazamana na fishabodi, na tumbo lake la chini, mahali ambapo mvua haifiki na chumvi haisombwi. Kwa mwenye nyumba aliyeko Moshi ushauri wangu ni huu: mlinzi au jamaa anapotuma picha za gata, zisiwe za mbele. Mwombe aingize simu kati ya gata na ubao, apige picha ya mgongo, kisha apige ya chini. Picha hizo mbili zitakuambia zaidi kuliko picha kumi za nyumba nzima.

Ukarabati wa huko uanze na kuosha. Rangi ikipakwa juu ya chumvi huvimba malengelenge ndani ya muda mfupi, hata ikiwa rangi ya gharama, kwa hiyo gata lioshwe kwa maji baridi yasiyo na chumvi, lisuguliwe, lioshwe tena na likauke ndipo lipakwe. Maji ya kisima yenye ladha ya chumvi hayafai kwa kazi hiyo. Baada ya ukarabati, kuliosha kwa mpira wa maji kila mwezi katika kipindi kisicho na mvua, maji yakielekezwa chini na nyuma, huongeza uhai wake kuliko koti lolote la ziada la rangi.

Jambo la pili ni kuchanganya metali. Chumvi iliyolowa hupitisha umeme kidogo kati ya metali mbili zinazogusana, na ile dhaifu huliwa. Skrubu za chuma cha kawaida kwenye gata la alumini, au bomba la shaba la hita ya jua linalodondoshea maji juu ya bati la zinki, huharibu kazi nzuri. Skrubu ziwe za chuma cha pua, na karibu na bahari ziwe za daraja la 316, lenye molibdeni, kwa kuwa daraja la 304 hutokwa na madoa ya kahawia mapema. Kwenye alumini ziwekewe washa za plastiki. Bati likatwe kwa mkasi wa bati. Grainda huunguza zinki kwenye mkato na kurusha cheche za chuma zinazogandia juu ya bati, na pwani kila chembe huwa doa la kutu katika siku chache.

Nyumba iliyo karibu na ufuo ningeiwekea PVC nene yenye breketi za plastiki na skrubu za 316. Nataja breketi kwa makusudi: mara nyingi plastiki hulaumiwa kwa kuanguka wakati kilichokatika ni breketi za chuma zilizoliwa na chumvi. Kunguru weusi wa pwani nao hujaza midomo ya magata vijiti na mifupa, hivyo huko wavu wa kuku ni wa lazima hata pasipo na mti.

Maji ya tangi yamebadilika rangi au yana harufu

Kwa wakazi wa Arusha na Arumeru dalili hii ina uzito wa pekee. Maji mengi ya ardhini kuzunguka Mlima Meru yana floraidi nyingi kuliko miligramu 1.5 kwa lita zinazopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, nayo ndiyo husababisha meno ya kahawia na, ikizidi, kuathiri mifupa. Maji ya mvua hayana tatizo hilo, na gata safi ni chanzo cha maji ya kunywa ya watoto.

Rangi ya chai hutokana na majani yaliyooza ndani ya gata. Harufu ya kuoza hutokana na dimbwi lililokaa kwa sababu ya mteremko mbaya, au mjusi au ndege aliyefia kwenye bomba. Vumbi jekundu chini ya tangi huonyesha kwamba maji ya kwanza ya mvua hayatupwi. Milimita moja ya mwanzo huosha paa. Kwa paa la mita za mraba 100 hiyo ni lita 100, nazo zielekezwe kwenye bomba la pembeni lenye kizibo kabla maji hayajaruhusiwa kuingia tangini. Gata linalolisha tangi la kunywea lisizibwe kwa lami, lisilehemiwe kwa risasi, wala lisipakwe rangi ya zamani isiyojulikana ndani yake ina nini.

Viluwiluwi vya mbu kwenye tangi au gata vinaonyesha maji yaliyotuama kwa siku kadhaa. Mbu wa aina ya Aedes hukamilisha safari kutoka yai hadi mbu mzima katika siku 7 hadi 10, na Dar es Salaam ilipata mlipuko wa homa ya dengi mwaka 2019. Dimbwi la gata la nyumba ya pwani lisichukuliwe kuwa jambo dogo.

Bomba linatoa maji lakini ukuta wa chini umelowa

Hapa gata limefanya kazi yake na tatizo liko ardhini. Bomba linaloishia usawa wa msingi huchimba shimo, huloanisha matofali ya chini na kuacha plasta ikibanduka. Liongezwe kwa elbo na kipande cha bomba hadi mita moja na nusu kutoka ukutani, au limwage kwenye shimo la mawe la kunyonya maji lililo mbali na msingi na choo. Kwenye viwanja vya mteremko, ambako kihamba, yaani shamba la nyumbani, cha jirani kiko chini ya chako, maji ya paa zima yakikusanywa kwenye bomba moja yanaweza kukata udongo wa migomba yake kwa mvua moja. Mkubaliane kwanza mtaro utapita wapi, uwe na mawe sakafuni na ugawanye maji kwenye migomba kadhaa, kisha ndipo bomba lifungwe moja kwa moja.